Mkunde wa Maji: Somo la Kuutambua Mmea Utambaao Kando ya Mito

Kila mtu akaaye nchi ya Embu na Meru anayajua mabonde yake. Mito mingi hushuka kutoka Mlima Kenya, na katikati ya mto na mto pana mgongo wa nchi wenye nyumba na mashamba. Huko Kanja mkulima hupanda kahawa au chai mtelemkoni, na chini kabisa, palipo na tope karibu na maji, hupanda nduma na majani ya ng'ombe. Mahali hapo pa chini ndipo patakapokuwa darasa letu leo.

Mtu akishuka bondeni kukata majani huona mimea mingi itambaayo. Mingine ni chakula kizuri cha mifugo, mingine haina faida wala hasara, na mmoja uonekanao katika vichaka waweza kumwua ng'ombe au mtoto. Kwa kuwa yote hutambaa, na mingi ina maua mazuri, ni rahisi kuihesabu yote kuwa kitu kimoja. Asemaye, "Haya ni magugu tu," huing'oa yote, naye huitupa mali yake. Asemaye, "Majani ni majani," huikata yote na kuitia horini, naye huiweka mali yake hatarini. Wahenga walisema kwamba usilolijua ni kama usiku wa giza. Basi na tujifunze kuutambua mmea mmoja katika hiyo, tena na tujue ile inayoweza kutudanganya.

JINA LAKE NA UKOO WAKE

Mmea tutakaojifunza ni wa ukoo wa kunde. Katika somo hili tutauita mkunde wa maji, kwa sababu hupenda kuota penye unyevu: malisho yenye majimaji, kingo za mito, mabwawa, na fuo za maziwa na bahari. Wataalamu wa mimea huuita kwa Kilatini *Vigna luteola*.

Yafaa kujua maana ya majina hayo mawili. La kwanza ni jina la ukoo, na la pili ni jina la mmea wenyewe, kama vile mtu alivyo na jina la mlango wake na jina lake mwenyewe. Ukoo huu uliitwa *Vigna* na Mwitaliano mmoja, Savi, mwaka 1824, kwa kumkumbuka Domenico Vigna, ambaye zamani alifundisha elimu ya mimea katika mji wa Pisa. Neno *luteola* maana yake ni "wenye manjano", na hilo ni kwa sababu ya ua lake. Mtaalamu Jacquin wa Vienna aliuandika mmea huu kitabuni mwaka 1770, na mwaka 1859 Mwingereza Bentham akauweka katika ukoo huu wa *Vigna*.

Ukoo huo si mgeni nyumbani kwetu. Kunde tuipikayo ni *Vigna*. Ndengu zipandwazo kwa wingi Mbeere na Tharaka, ambazo majirani zetu wa Tanzania huziita choroko, nazo ni *Vigna*. Njugumawe vilevile. Kwa hiyo mkunde wa maji ni ndugu wa vyakula vilivyomo chunguni mwetu, ila wenyewe umebaki mwituni, haukulelewa na mkono wa mkulima.

MAHALI PA KUUTAFUTA

Usiutafute juu ya mgongo palipo pakavu, wala ndani ya msitu wenye kivuli kizito. Utafute pale ambapo mguu ukikanyaga huacha alama yenye maji: katika nyasi ndefu za bondeni, katikati ya matete, au kando ya mfereji. Hupenda jua, nao hupenda nchi ya joto kuliko nchi ya baridi. Kwa sababu hiyo mtu wa Kanja asiutazamie sana kule juu karibu na msitu wa mlima. Kadiri ateremkavyo pamoja na mito kama Ena, Rupingazi na Thuci, ambayo maji yake hatimaye huingia Tana, ndivyo atakavyofika mahali panapoupendeza zaidi.

Wakati mzuri wa kuutafuta ni baada ya mvua kutelemka vizuri, mimea inapokuwa na maua na maganda kwa pamoja. Asubuhi ni bora kuliko mchana, kwa maana maua ya jamaa nyingi za kunde hufunuka asubuhi na kujifunga jua likiwa kali.

ALAMA TANO

Alama ya kwanza ni shina. Ni jembamba na refu, huweza kupita mita 3, nalo hutambaa chini au hujizungusha juu ya matete na nyasi. Likilala penye tope, hutoa mizizi penye vifundo vyake. Halina miiba.

Alama ya pili ni majani. Kila kikonyo hubeba majani madogo matatu, kama ya kunde au maharagwe: mawili huelekeana, na la tatu husimama peke yake nchani. Kila moja ni pana karibu na kikonyo, na huchongoka kuelekea mwisho. Urefu wake kwa kawaida ni kati ya sentimeta 3 na 10. Ukingo wa jani hauna meno.

Alama ya tatu ni ua, nayo yafaa kutazamwa kwa makini. Rangi yake ni manjano. Maua machache hukaa pamoja karibu na ncha ya kijiti kirefu kinachoinuka juu ya majani. Ua moja lina upana upatao sentimeta 2. Lishike mkononi ulifungue polepole. Utaona jani moja pana la ua lililosimama nyuma kama bendera. Mbele yake kuna majani mawili yaliyo kama mabawa. Ndani ya mabawa hayo kuna majani mawili yaliyoungana kwa chini, yakafanya umbo kama mkuku wa chombo cha baharini. Bendera, mabawa na mkuku: hilo ndilo umbo la ua la jamaa ya kunde na maharagwe. Katika mkunde wa maji mkuku huo haukujisokota upande mmoja, wala hauna mdomo mrefu uliopindika.

Alama ya nne ni ganda la mbegu. Ni jembamba, lina urefu wa sentimeta 4 hadi 8, nalo huning'inia kuelekea chini. Lina vinyweleo, na katikati ya mbegu na mbegu limebanwa kidogo, hata ukilipitisha katikati ya vidole waweza kuzihesabu mbegu zilizomo. Likikauka sana hupasuka vipande viwili.

Alama ya tano imo chini ya ardhi. Ng'oa mmea mmoja tu kwa taratibu, uoshe mizizi yake majini. Utaona vinundu vidogo vilivyoshikamana na mizizi. Hivyo si ugonjwa. Ndani yake wamo viini vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo huichukua naitrojini iliyo katika hewa na kuigeuza iwe chakula cha mmea. Pasua kinundu kimoja kwa ukucha: kikiwa chekundu au cha rangi ya waridi ndani, ujue ya kwamba kazi hiyo inaendelea. Alama hii ya tano ni ya jamaa nzima ya kunde, kwa hiyo haitoshi peke yake.

Hapa ndipo lilipo jambo kubwa la somo hili. Alama moja ni kama shahidi mmoja, na hakimu mwema hatoi hukumu kwa shahidi mmoja. Ua la manjano peke yake si ushahidi, maana mimea mingi ina maua ya manjano. Majani matatu peke yake si ushahidi. Mahali penye maji peke yake si ushahidi. Lakini jani, ua, ganda na mahali vikikubaliana vyote, hapo ndipo uwezapo kusema, "Huu ndio." Na mmea usio na ua wala ganda usihukumiwe: ungoje mpaka utakapochanua.

MIMEA IWEZAYO KUTUDANGANYA

Wa kwanza ni kunde yenyewe, ya shambani au ile iliyo ya mwitu. Majani yake hufanana sana na ya mkunde wa maji. Tofauti ni kwamba maua ya kunde mara nyingi ni ya zambarau au meupe, na maganda ya kunde ya shambani ni marefu zaidi na laini. Tena kunde haipendi kusimama katika maji, bali mkunde wa maji huyavumilia. Kukosea hapa hakuna hatari.

Wa pili ni *Vigna vexillata*, nduguye mwingine wa mwituni. Ua lake ni kubwa, la waridi au zambarau, na mkuku wake umejisokota na kupindika. Maganda yake ni membamba, yana vinyweleo vingi, na husimama kuelekea juu badala ya kuning'inia. Chini ana mzizi mnene kama kiazi, ambao katika sehemu kadhaa za Afrika huliwa. Huyu naye si adui.

Wa tatu ni upupu. Hapo jihadhari. Upupu nao una majani matatu na hutambaa juu ya vichaka, na kwa mbali mtu aweza kuudhania kuwa maharagwe ya mwitu. Lakini majani yake ni makubwa, na maua yake ni ya zambarau iliyoiva, yakining'inia kwa kichala. Maganda yake ni manene, yamevikwa vinyweleo vingi vya rangi ya kahawia ya kung'aa. Vinyweleo hivyo huchoma ngozi na kuwasha vibaya, navyo vikiingia machoni ni balaa. Hata upepo huweza kuvipeperusha. Aliyeguswa navyo asijikune wala asijisugue, kwa kuwa kujisugua huvizamisha zaidi.

Wa nne ni ule wenye maua kama tarumbeta ya zambarau, jamaa ya kiazi kitamu, uonekanao sana kando ya mito na juu ya nyua. Jani lake ni moja, limekatwa kama vidole vitano vya mkono, na ua lake ni kipande kimoja kisicho na bendera wala mabawa. Ukiona tarumbeta, hakuna haja ya kuendelea: huo si wa jamaa ya kunde.

Wa tano ndio wa kuogopwa. Jina lake la Kilatini ni *Gloriosa superba*, na ua lake ni zuri kuliko yote tuliyoyataja. Kwa uzuri huo Zimbabwe imelifanya kuwa ua la taifa. Lina majani sita ya ua, mekundu na ya manjano kama ndimi za moto, ambayo ukingo wake una mawimbi na ambayo hupinduka kurudi nyuma na kuelekea juu. Lile la kijani la mmea si majani matatu, bali ni jani moja moja refu, lenye mishipa inayokwenda sambamba kama ya jani la hindi. Ncha ya jani hurefuka ikawa kama uzi, ikajisokota na kushika chochote kilicho karibu. Hiyo ndiyo ngazi yake ya kupandia.

Mmea huo una sumu iitwayo kolkisini katika sehemu zake zote, na zaidi katika mbegu na katika kiazi chake kilicho ardhini. Kiazi hicho ndicho chenye hila, kwa sababu mwenye njaa aweza kukidhania kuwa kiazi kikuu au kiazi kitamu. Katika nchi za India na Sri Lanka watu wamekufa kwa kukila. Aliyekila haoni kitu mara moja: hupita saa kadhaa, kisha koo huwaka, hutapika na kuhara sana, na baadaye viungo vya ndani hushindwa kazi. Kwa hiyo mtu akijulikana kuwa amekula kiazi au mbegu za mmea huo, asingojee dalili. Apelekwe hospitali saa ile ile, na kipande cha mmea kichukuliwe ili mganga akione. Mifugo pia hufa kwa sumu hiyo. Watoto wafundishwe kwamba ua hilo hutazamwa kwa macho tu.

FAIDA ZA MKUNDE WA MAJI

Sasa mtu atauliza, "Nikiisha kuutambua, nitapata nini?"

Faida ya kwanza ni malisho. Ng'ombe na mbuzi huupenda, na nchini Australia aina yake moja iliwahi kutolewa kwa wafugaji kwa jina la Dalrymple ili ipandwe pamoja na nyasi. Lakini kwa sababu mifugo huupenda mno, hauvumilii kuliwa kila siku mpaka shina. Mwenye busara hukata sehemu na kuacha sehemu, apate kukata tena. Tena kumbuka kwamba majani ya jamaa ya kunde, yakiwa mabichi na yenye umande, hayafai kupewa ng'ombe mwenye njaa peke yake, kwa kuwa tumbo laweza kuvimba kwa hewa na kumwua. Yaache yanyauke kidogo, kisha uyachanganye na nepia au majani mengine.

Faida ya pili ni rutuba. Vile vinundu vya mizizini huongeza naitrojini katika ardhi, na majani yakioza hapo bondeni huacha mbolea isiyonunuliwa.

Faida ya tatu ni ulinzi wa ukingo wa mto. Shina linalotoa mizizi kila penye kifundo hushona udongo kama uzi ushonavyo nguo. Mtu akifyeka ukingo mpaka maji yenyewe, kisha mvua kubwa ikaja, mto hula shamba lake kila mwaka. Udongo huo hauishii hapo, bali husafiri mpaka Tana na kujaza matope katika mabwawa yaliyo huko chini. Kwa hiyo mkunde wa maji usioingia ndani ya nduma zako uuache mahali pake. Ukiingia, ukate, uupeleke horini, lakini ukingo wenyewe usiuache uchi.

Faida ya nne ni ya siku zijazo. Wataalamu wa mbegu huitazama sana mimea ya mwituni iliyo jamaa ya mazao yetu. Mkunde wa maji huvumilia maji yaliyotuama, na hata chumvi, mambo ambayo kunde nyingi za shambani hayaziwezi. Pwani kuna nduguye, *Vigna marina*, mwenye maua ya manjano vilevile ila majani yake ni mazito na ya mviringo zaidi. Huyo hutambaa juu ya mchanga karibu kabisa na mawimbi, na mbegu zake huelea baharini na kuota ufuo mwingine. Katika mimea kama hiyo wataalamu hutafuta siri ya kuishi penye chumvi. Kenya ina hazina ya mbegu huko Muguga, iliyoanzishwa mwaka 1988, ambamo mbegu za mazao na za jamaa zao wa mwituni huhifadhiwa. Mmea ukiisha kung'olewa bonde lote kwa kudharauliwa, hakuna mbegu itakayobaki ya kuhifadhiwa.

UKIWA NA SHAKA

Mwanafunzi mwenye shaka asikisie. Akate tawi moja lenye jani, ua na ganda, alilaze katikati ya kurasa za gazeti kuukuu, aweke juu yake ubao na mawe. Karatasi zibadilishwe kila siku mpaka tawi likauke, lisije likaota ukungu. Kisha aandike kwenye kipande cha karatasi: tarehe, mahali, jinsi mahali palivyo, na rangi ya ua lilipokuwa bichi, maana rangi hubadilika likikauka. Tawi kama hilo aweza kumwonyesha afisa wa kilimo, au kulipeleka katika kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo Embu. Nairobi iko Hebaria ya Afrika ya Mashariki, katika Makumbusho ya Taifa, ambayo ilianza Amani katika Tanganyika mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950. Matawi yaliyokaushwa namna hiyo hiyo huwekwa huko, kila moja na karatasi yake, nayo huweza kusomwa hata baada ya miaka mia.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja alama tano za mkunde wa maji. Ni ipi iliyo ya jamaa nzima ya kunde, na kwa hiyo haitoshi peke yake?

2. Umeona mmea utambaao wenye majani matatu na maganda yenye vinyweleo vya kahawia vinavyong'aa. Ni mmea gani, na utafanya nini?

3. Jirani amechimba kiazi chini ya mmea ambao ncha za majani yake hujisokota. Utamwambia nini kabla hajakitia jikoni?

4. Kwa nini haifai kumpa ng'ombe mwenye njaa mikunde mibichi yenye umande peke yake?

5. Shuka bondeni kwenu pamoja na mtoto wa shule. Tafuteni mimea mitatu itambaayo, mkaiandike mahali ilipo, jani lake, ua lake na ganda lake. Ni mmoja upi kati yake ambao alama zote zimekubaliana?

Majibu ya maswali manne ya kwanza yamo katika somo hili. Jibu la tano liko bondeni.